Simu kwenye sidiria, na kidonge ulichokitaja mwishoni

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, niko Tabora mjini, Ng'ambo. Nafanya uwakala wa pesa za simu mwaka wa saba sasa. Nina simu tatu za kazi. Mbili zinakaa kwenye droo, na ile yenye floti kubwa naiweka kwenye sidiria upande wa kushoto kwa kuogopa vibaka, kuanzia asubuhi mpaka nafunga. Mwaka jana wamesimika mnara nyuma ya nyumba yetu, hatua kama themanini hivi. Jirani yangu aliyekuwa wakala kama mimi amefariki mwezi wa pili kwa saratani ya titi, na pale msibani kila mtu alisema ni simu. Mume wangu anataka nifunge kibanda. Mwanangu wa miaka 9 anacheza gemu mpaka analala na simu chini ya mto. Kuna kijana anapita anauza vibandiko vya kuzuia mionzi, 15,000 kimoja, nataka kujua kama nivinunue. Nasikia Shirika la Afya Duniani wenyewe walishakiri kwamba simu inaleta saratani. Naomba ukweli. Halafu kuna kidonge kidogo nimekigusa kwenye titi hilohilo la kushoto, hakiumi, huu mwezi wa tatu."

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na jirani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Simu umeipa karibu barua nzima. Kidonge umekipa mstari mmoja, tena wa mwisho, kama mgonjwa aliyekwisha kuaga, kashika pazia la mlango, ndipo anageuka na kusema, "Ah, daktari, na kingine..." Katika miaka yangu ya kazi nimejifunza kwamba hicho kingine ndicho kilichomleta. Kwa hiyo nianze nacho. Kidonge kisichouma, kilichokaa miezi mitatu bila kuondoka, kionwe na daktari Jumatatu hii. Sisemi ni saratani. Kwa umri wako vidonge vingi vya titi si saratani. Lakini hayupo anayeweza kukujulia kwa kusoma barua, hata mimi. Namna ya kwenda nitakueleza huko mbele. Sasa tuongee habari ya simu, maana najua usipopata jibu lake, hilo lingine halitakuingia.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno "mionzi", na neno hilo tumelibebesha mizigo mingi mno. Jua lina mionzi. Picha ya kifua hupigwa kwa mionzi. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tunasema kaenda kupigwa mionzi. Halafu tunaambiwa simu nayo inatoa mionzi. Mtu aliyemwona ndugu yake amerudi kutoka kwenye tiba hiyo ngozi imebabuka, ataachaje kuogopa? Ila vitu hivi viwili havilingani. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na kukata uzi wa DNA, ule unaobeba maagizo ya mwili, ndani ya chembe hai. Uzi ukiungwa vibaya, chembe ikaendelea kugawanyika na kosa lile, hapo ndipo saratani inaweza kuanzia. Simu haitumii mionzi ya namna hiyo. Inatumia mawimbi ya redio, ukoo mmoja na yale yanayokuletea taarifa ya habari.

Unaishi Tabora, kwa hiyo miembe unaijua. Watoto wakitungua maembe, jiwe moja zito likikipata kikonyo, embe linaanguka. Mtoto mwingine akirusha changarawe, hata akirusha ndoo nzima, majani yatatikisika tu na embe litabaki juu. Hakuna changarawe hata moja yenye nguvu ya kuvunja kikonyo, na hazisaidiani. Nishati ya mawimbi nayo inakuja kwa vifurushi vidogo vidogo namna hiyo. Kifurushi kimoja cha eksirei ni lile jiwe. Kifurushi cha wimbi la simu ni changarawe, na ndogo kweli: kifurushi cha mwanga wa kawaida wa taa ya kibandani kwako kinakizidi nishati zaidi ya mara 100,000, na mwanga wa taa haukati DNA ya mtu.

Changarawe zinatikisa majani, na mtikisiko huo mwilini ni joto. Hilo ndilo jambo moja ambalo mawimbi ya simu yanajulikana kwa hakika kufanya: kupasha joto kidogo sana. Simu ikituma kwa nguvu yake yote, wastani wake hauzidi kama robo ya wati, na sehemu tu ya hiyo ndiyo inayoingia mwilini. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na miongozo ya kimataifa ni wati 2 kwa kila kilo ya mwili, kwa kichwa na kiwiliwili, na kimewekwa mbali chini ya pale madhara ya joto yanapoanza. Lile joto unalolisikia sikioni ukiongea na mteja mbishi kwa dakika ishirini linatokana zaidi na betri, na sikio lililofunikwa kukosa hewa. Na kama umewahi kuona ile video ya simu kadhaa zimezunguka punje za mahindi mezani na bisi zikaruka, ilitengenezwa mwaka 2008 kama tangazo la kuuza vifaa vya masikioni. Simu haziwezi kukaanga bisi.

Sasa hilo la Shirika la Afya Duniani kukiri. Mwezi Mei 2011, taasisi ya shirika hilo inayochunguza visababishi vya saratani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliweka mawimbi ya redio kwenye kundi linaloitwa 2B, maana yake "huenda yakasababisha saratani". Habari ilipofika huku, "huenda" ilikuwa imedondoka njiani. Makundi yale yanapima uzito wa ushahidi. Hayapimi ukubwa wa hatari. Kundi la 1 ni vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika: tumbaku, pombe, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, kichocho cha kibofu. Linafuata 2A, la vitu vyenye uwezekano mkubwa, na humo umo moshi wa kuni wa jikoni na vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65. Chini yake ndipo ilipo 2B, ambako simu inakaa pamoja na dondoo ya jani zima la alovera. Alovera hiyohiyo ambayo mtaani kwako watu wanaikamua na kuinywa wakiiita dawa. Ukisema simu "imethibitishwa", umeiweka na tumbaku, na si mahali pake.

Kwa nini waliiweka hata hapo? Sababu kubwa ni uchunguzi uliofanyika katika nchi 13 na kutolewa mwaka 2010. Watu wenye uvimbe wa ubongo na watu wazima wa afya waliulizwa walivyotumia simu miaka iliyopita. Kwa ujumla hatari haikuongezeka. Ila wale waliosema wametumia simu saa 1,640 au zaidi, ambazo ukizigawa kwa miaka kumi ni karibu nusu saa kwa siku, walionekana kupata uvimbe wa aina moja kwa asilimia 40 zaidi. Namba hiyo ndiyo iliyosafiri dunia nzima. Haikusafiri na mwenzake: humo humo, watumiaji wa kawaida walionekana kupata uvimbe kidogo kuliko wasiotumia simu, na wapo wagonjwa waliosema walikuwa wakiongea saa 12 na zaidi kwa siku. Simu haikingi uvimbe, na sidhani yupo mtu anayeongea saa 12 kila siku. Kinachoonekana pale ni kumbukumbu za watu. Mtu aliyeambiwa ana uvimbe kichwani hulala akijiuliza amekosea wapi, na chochote alichokuwa akikishika kila siku kinakuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa. Siwalaumu. Pale msibani kwa jirani yako lilifanyika jambo hilohilo, kwa upendo kabisa.

Ndiyo maana tafiti zilizofuata hazikutegemea sana kukumbuka. Denmark waliwafuatilia watu zaidi ya 420,000 waliokuwa na laini, wakalinganisha na daftari la taifa la saratani: uvimbe wa ubongo haukuongezeka, wala wa tezi za mate, wala saratani ya damu. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 770,000, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya uvimbe wa ubongo kati ya wenye simu na wasio nayo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani, hilohilo unaloambiwa limekiri, lilipokea mapitio liliyoyaagiza, ya tafiti 63 zilizofanyika kuanzia 1994 hadi 2022. Hayakukuta uhusiano wa simu na saratani ya ubongo, hata kwa walioitumia miaka kumi na zaidi. Na ipo hoja nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Nchi za kaskazini mwa Ulaya watu wamekuwa na simu za mkononi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila saratani inaandikwa. Kama simu ingekuwa inaleta uvimbe wa ubongo, mstari ungekuwa umepanda wazi kwa kila mtu kuona. Haujapanda hivyo.

Lazima nikutajie pia panya, kwa sababu mtu atakuja kukutajia. Marekani, mwaka 2018, panya dume waliowekewa mawimbi mwili mzima saa 9 kwa siku kwa miaka miwili walipata uvimbe wa moyo zaidi kuliko wenzao. Ni kweli, na ni utafiti wa heshima. Lakini kipimo cha mawimbi kilikuwa kikubwa kuliko anachokipata mtu, panya jike hawakuonyesha hivyo, na wale dume waliowekewa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wasiowekewa. Matokeo kama hayo yanatuambia tuendelee kuchunguza. Hayatoshi kumfungia mtu kibanda.

Utasema, hayo ni ya ubongo, mimi nauliza titi. Haki yako. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake wanne, wa miaka 21 hadi 39, waliopata saratani ya titi na waliokuwa wakiweka simu kwenye sidiria. Habari hiyo inasambazwa mpaka leo. Lakini wanne bila kundi la kulinganisha hawatuelezi kitu. Wanawake wanaoweka simu hapo ni mamilioni, na saratani ya titi ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wengi zaidi duniani, kwa hiyo lazima wapatikane wenye vyote viwili. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: tangu kabla ya simu za mkononi, titi la kushoto limekuwa likipata saratani mara nyingi kidogo kuliko la kulia. Mwanamke anayeshika kazi kwa mkono wa kulia huchomeka simu kushoto. Saratani ikija kushoto, simu inaonekana imeshikwa na ngozi.

Pamoja na hayo, ningekuwa wewe ningeitoa simu hapo. Ukiulizwa kwa nini, usiseme daktari kasema inaleta saratani. Sema hakuna faida ya kuiweka hapo, inakutoa jasho na vipele, na uangalifu huu ni bure. Nunua pochi ya kiunoni ivaliwe chini ya kanga. Kibaka ataihangaikia kuliko sidiria. Ukitaka kupunguza mawimbi zaidi, ongea kwa spika au waya wa masikioni, maana umbali ukiongezeka mara mbili tu nguvu inayokufikia inashuka sana, na epuka maongezi marefu mahali mtandao ukiwa dhaifu, kwani hapo simu hulazimika kupaza sauti yake.

Hapo ndipo kibandiko kinapoanguka. Kama kweli kingezuia mawimbi, simu isingeushika mtandao, na ingeongeza nguvu kuutafuta. Kama hakizuii, umenunua stika. Hiyo 15,000 usimpe yule kijana. Nitakuambia pa kuipeleka.

Mnara usikunyime usingizi. Mawimbi yake yanatoka juu na kwenda mbele, kama mwanga wa tochi iliyoshikwa sawasawa na upeo wa macho, kwa hiyo chini yake karibu na nyumba yanafika hafifu. Vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivikusanya kuhusu minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango kinachoruhusiwa. Na ukiwa karibu na mnara, simu yako inatuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo mwili wako unapokea kidogo. Kama mtaa mzima una wasiwasi, pitieni kwa mwenyekiti muandike barua kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kupima ni kazi yao. Na jenereta ya mnara ikipiga kelele usiku au kutoa moshi, hayo ni malalamiko halali kabisa, yapelekeni bila kuyachanganya na saratani.

Mtoto mnyang'anye simu usiku, leo hii. Anaharibu usingizi, na simu inayochajiwa chini ya mto inaweza kuwaka moto.

Kibanda usifunge. Miaka saba ya uwakala ni ada za watoto na nauli ya hospitali. Mwambie mumeo nimeelewa hofu yake, ni ya mtu anayekupenda. Ila hofu hiyo aibebe kuja nayo hospitali, akusindikize.

Kwa sababu nikiangalia saratani zinazowamaliza watu wa mkoa wetu, kuna mambo tunaweza kuyashika kwa mikono, na yanapita mbele yetu kila siku. Tumbaku inalimwa Urambo, Sikonge, Kaliua, mpaka mabani yake ya kukaushia yanaonekana toka barabarani, na mabibi zetu wananusa ugoro wakidhani ni salama kuliko sigara. Karanga zilizovundwa na ukungu tunazichambua, zile mbovu tunazisaga. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo ina chanjo: tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama unaye wa umri huo, muulize mwalimu wake kama alichanjwa. Na wewe mwenyewe, kwa miaka 36, siku hiyohiyo utakayokwenda kwa ajili ya titi, omba upimwe mlango wa kizazi kwa siki. Ni dakika chache.

Nikueleze mama mmoja, ndipo utaelewa kwa nini nimeng'ang'ania ule mstari wako wa mwisho. Alitoka upande wa mashambani, akakaa kwenye kiti changu na kanga mbili zimekazwa kifuani. Alipozifungua harufu ya majani yaliyopondwa ilitangulia, kisha nikaona titi limekuwa gumu kama ubao, ngozi imevimba vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Nilimuuliza lilianza lini. Akasema miezi kumi na minne. Nikamuuliza alifanya nini alipokiona kidonge. Akanijibu taratibu, "Niligawa simu, daktari. Nilimpa kaka yangu, nikasubiri kipungue." Alikuwa ametii ushauri wote aliopewa, na aliutii vizuri. Hakuna aliyekuwa amemwambia aende hospitali.

Kwa hiyo Jumatatu, mwanangu. Nenda kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa ya hospitali ya Kitete, au nenda Kitete moja kwa moja kama unaweza. Ile 15,000 ya kibandiko ndiyo ya kuanzia, na kadi ya bima kama unayo. Sema maneno haya: "Nina kidonge kwenye titi la kushoto, mwezi wa tatu, hakiumi." Kumbuka tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na kama mama, dada, shangazi au mama mdogo amewahi kupata saratani ya titi au ya mayai ya uzazi. Watakupapasa matiti yote mawili na makwapa, kisha utapigwa ultrasound. Huenda ikaonekana ni kifuko cha maji, au kile kidonge kinachoteleza chini ya kidole ambacho kina mama wengi wenye umri kama wako wanacho na si saratani. Kama picha ina shaka yoyote, watachukua kinyama kidogo kwa sindano. Mtaani watakuambia sindano au kisu "kinaiamsha" saratani na kuisambaza. Si kweli, na usemi huo umeua wengi. Sindano ndiyo inayotuambia jina la ugonjwa. Ikiwa ni saratani, utapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa matibabu, na kidonge kidogo kilichowahiwa kinatibika.

Usingoje Jumatatu ukiona chuchu inazama ndani, inatoa damu, ngozi inabadilika, au tezi kwapani. Na ukiambiwa "ni kawaida, nenda nyumbani" bila kupigwa picha, kaa hapohapo kwenye benchi uombe ultrasound au barua ya rufaa, kwa adabu, lakini usiondoke. Majibu ya kinyama yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Waachie namba mbili, yako na ya mumeo, na simu zote mbili ziwe hewani.